Mama Mkwe na Mpango wa Ukame

Ukitaka kuwachekesha watu wa Bukavu, waambie wajiandae na ukame. Watakuonyesha ziwa. Ziwa lenyewe liko pale chini, na mvua ya kwetu hunyesha mpaka nguo zinaota ukungu kabatini. Hata mimi nilicheka mume wangu Firmin aliporudi nyumbani na agizo hilo. Ilikuwa mwaka wa sabini na sita, wakati serikali ilikuwa imeamuru sote tuitwe citoyen na citoyenne, yaani raia, na majina yetu ya ubatizo tukiyatumia ndani ya nyumba tu.

Firmin alikuwa mhandisi katika ofisi ya maji ya serikali. Kinshasa ilitaka kila mji wenye mabomba uwe na mpango wa ukame kabla ya kiangazi kuanza, na mkurugenzi wake alimtupia yeye kazi hiyo.

"Andika tu: ziwa iko," nilimwambia. "Tia kashe ya ofisi, tuma."

Hakucheka. Firmin ni mtu wa kujibu mzaha kwa maelezo, na nimeishi na maelezo yake miaka mingi. Akanieleza kwamba mabomba yetu hayajui habari za ziwa. Yanalishwa na mto Murhundu, unaoshuka wenyewe kutoka milimani, na kiangazi kikiwa kikali mto huo hukonda. Kupandisha maji ya ziwa hadi Kadutu, juu mlimani, kunahitaji pampu na mafuta, na mwaka ule mafuta yalitafutwa kama dawa. Basi mpango ulipaswa kusema mto ukishuka hadi kiasi fulani, ni mtaa gani unafungiwa kwanza, na ukizidi kushuka, ni upi unafuata. Na kila mtaa utakaofungiwa ni lazima uonyeshwe utakunywa wapi, tena wenyeji wenyewe waulizwe kama maji hayo ya pembeni yatawatosha msimu mzima. Mtaa usiokuwa na maji ya pembeni hauwezi kufungiwa kwanza.

"Hiyo ni sheria nzuri," nilisema, na nilimaanisha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nazipenda sheria zinazosema watu waulizwe.

Wakubwa wa ofisini walikuwa wamekwisha kuchagua kabla ya kumuuliza mtu. Nyumba za wakubwa ziko Muhumba, huko kusiguswe. Sisi wenyewe tulikaa Muhumba, katika nyumba ya kazi, nami sitajifanya kwamba robine yangu, bomba la ndani ya nyumba, iliniuma moyo. Walisema Cimpunda ianze kufungwa, kwa sababu Cimpunda wana kisima. Sisi tunaita kisima hata chemchemi: maji yanatoka ubavuni mwa kilima, watu wanayatilia kipande cha bomba, wanakinga.

Cimpunda ndiko alikokaa mama yangu, Nsimire, mjane, pamoja na mdogo wangu Noëlla, aliyekuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza mwezi wa pili. Mtoto aliitwa Cyprien, kimyakimya, kwa sababu jina hilo padri alilitia maji lakini ofisi ya zoni, yaani ya wilaya, isingeliandika.

Firmin alifanya kazi yake kwa haki, na hili nalisema mapema kwa sababu baadaye nitamsema vibaya. Alienda Cimpunda siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya umma, watu wakiwa wamekusanywa kiwanjani na majembe yao. Akawauliza kama kisima kinawatosha kiangazi kizima. Mkuu wa mtaa akajibu kwa niaba ya wote kwamba chini ya Chama hakuna kinachokosekana. Ngoma zikapigwa, akina mama wakaimba na kukata viuno, wote wakapiga makofi.

Alirudi nyumbani amekunja uso. "Minauliza juu ya kisima, banijibu na ngoma," alisema. "Hiyo siwezi andika."

"Weye ulifikiri watasema nini mbele ya mukubwa wa mutaa?"

"Nitauliza mutu asiyesemaka uongo," akasema. Sikumuuliza ni nani. Ilikuwa wakati wa mitihani ya mwisho wa mwaka wa shule, na nilikuwa na rundo la kazi za watoto la kusahihisha.

Mtu huyo alikuwa mama yangu. Ukilitazama kwa akili za ofisini, chaguo lilikuwa zuri. Mama amekaa Cimpunda tangu kabla ya uhuru, amekunywa kisima kile miaka ambayo robine hazikuwapo, na kila Jumamosi anaenda kuungama dhambi ambazo padri inabidi amsaidie kuzitafuta. Nani tena angesema ukweli zaidi? Firmin alienda Jumapili baada ya Misa. Noëlla alikuwapo, na yeye ndiye aliyenisimulia, lakini wakati alipokuja kunisimulia tulikuwa tumekwisha kuungua.

Mama alipomwona mkwe wake anashuka njia, alikimbia kuvaa kitenge chake cha Pasaka. Akampa kiti kizuri, yeye akaketi kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, uso ukielekea ukutani, maana kwetu mama mkwe hamkodolei mkwe macho. Akamtengea samaki, ndizi, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ndani ya kikombe cha wageni, na glasi ya maji iliyofunikwa kitambaa. Maji yenyewe meupe, ya robine, yaliyowekwa kando ndani ya mtungi kwa ajili ya mgeni wa aina hiyo. Mama mwenyewe hakugusa chakula. Mama mkwe hatafuni mbele ya mkwe.

"Mama," Firmin akasema, "nakuya kukuuliza kitu ya kazi."

"Uliza, mukwe wangu."

"Hii kisima ya kule chini. Mu mwezi ya munane, maji inatoshaka?"

"Inatoshaka, mukwe wangu."

"Hata kama robine inafungwa?"

"Hata. Mungu anatusaidiaka."

Firmin akanywa yale maji meupe, akashukuru, akarudi ofisini na kuandika. Jina la mama yangu likaingia ndani ya mpango wa ukame wa mji wa Bukavu kama mwenyeji wa zamani, aliyeulizwa uso kwa uso, akathibitisha. Kinshasa wakausifu mpango. Walisema ni miji michache iliyouliza watu kwa uangalifu vile.

Mwezi wa sita mvua ilikata kama kawaida. Wa saba, vilima vya upande wa Kabare vikawa na rangi ya mkate, na vumbi likaingia hadi ndani ya sukari. Mwezi wa nane ulipoanza, Jumapili moja baada ya Misa, mtu wa zoni alisimama na kusoma tangazo: Murhundu umeshuka, hatua ya kwanza ya mpango inaanza, robine za Cimpunda zinafungwa mpaka mvua irudi. Nilikuwa nimekaa benchi moja na Firmin. Alikuwa akitazama vidole vyake.

Tulipofika nyumbani sikusubiri avue viatu.

"Cimpunda? Kwa mama?"

"Biko na kisima, Agathe."

"Kisima ile mu mwezi ya munane inalia machozi tu. Mutoto yote ya Cimpunda anajua. Nani alikuambia inatosha?"

"Mama yako mwenyewe."

Nilicheka, kicheko kibaya, kile ambacho watoto wa darasani wananiogopea. Kisha nikamuuliza, "Ulienda kama nani, Firmin?"

Hakuelewa swali, nami nikaona kweli hakuelewa. Mtu amezaliwa Kabare, ameoa kwa taratibu zote, anajua kwamba mama yangu hatamwomba hata chumvi. Anajua kwamba kumwambia mkwe 'hatuna' ni kumwomba, na kumwomba mkwe ni kumvulia nguo. Yote hayo anayajua. Lakini siku ile alivaa ofisi, akasahau kwamba mama hawezi kuiona ofisi. Mama aliona mkwe. Ungemuuliza mama kama nyumba yake inaungua, kwa mkwe angejibu kwamba moto unasaidia kupika.

Wiki moja baadaye nilipanda Cimpunda. Kisima kiko bondeni, chini ya nyumba zilizobanana, na juu yake, wakati wa mababu, palikuwa na migomba tu. Sasa pana vyoo. Bomba lilikuwa likitoa kamba nyembamba ya maji, na akina mama walikuwa wamepanga ndoo zao kwa foleni iliyopanda hadi barabarani, kila ndoo na jiwe ndani ili upepo usiiondoe, wenyewe wameketi kivulini wakigombana polepole kwa uchovu. Wengine walikuwa wamekata tamaa na kuingia kwenye dimbwi lililo chini ya bomba, wakichota kwa vikombe. Maji yalikuwa ya rangi ya chai.

Nyumbani kwa mama nilimkuta Noëlla amemlaza mtoto mapajani. Cyprien alikuwa anaharisha tangu juzi. Nilimjua yule mtoto kwa mashavu yake. Sasa macho yalikuwa yameingia ndani, na utosi umebonyea. Nilimfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama. Nilitaka kupiga mtu, na sikujua nianze na nani.

"Munamupa maji gani?"

"Ile ya kisima, dada," Noëlla akasema. "Tunachemushaka. Lakini makala ya kuwasha jiko nayo iko inakosekana, siku ingine tunachemusha kidogo tu."

"Na weye mama, ulimwambia Firmin nini?"

Mama alikuwa akipepeta maharagwe, na aliendelea kupepeta. "Ulitaka niseme nini kwa mukwe wangu?"

"Ukweli."

"Ukweli gani? Nimwambie, mukwe wangu, siye kiangazi tunakunywaka matope, uko mukubwa wa maji, tuletee maji? Watu watasema Nsimire aliuzisha binti yake kwa robine."

"Alikuuliza juu ya kazi, mama."

"Mutu anakuya mu nyumba yangu, anakula samaki yangu, unaniambia iko kazi." Akapuliza maganda. "Ofisi yao iko na meza. Angeniita ku meza, tungeona."

Nilimchukua Noëlla na mtoto, tukashuka hospitali. Wakamtundikia Cyprien serumu, maji ya dripu, kichwani, kwa sababu mishipa ya mikono haikuonekana. Chumba kizima kilikuwa na watoto wa Cimpunda. Muuguzi alituonya kwamba mtoto akipata nafuu na kurudishiwa maji yaleyale, atarudi, na akirudi safari ya pili yeye muuguzi hatuahidi kitu.

Nilimweleza Firmin. Nitampa sifa yake tena: hakubisha. Alikwenda mwenyewe kisimani, akasimama kwenye ile foleni kama mtu yeyote, akapima maji yanayotoka, akatazama vyoo. Akarudi rangi imemtoka, akaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi.

Mkurugenzi alikuwa mtu wa sauti ndogo, mwenye tabia ya kumalizia wenzake sentensi. Firmin alisema, "Citoyen Directeur, kisima cha Cimpunda—" naye akamalizia, "—kinatosha, ndivyo ulivyoandika." Firmin akamwambia alikosea. Mkurugenzi akamkumbusha kwamba mpango umepitishwa Kinshasa, kwamba kuidanganya Kinshasa kuhusu maji ya raia kuna jina lake, na jina hilo ni hujuma. Kisha akampa njia ya kutokea, kwa upole wake ule. Mpango wenyewe ulikuwa umeruhusu kwamba mwenyeji aliyeulizwa mwanzoni anaweza kuja mbele ya kamati na kubadilisha neno lake, na kamati italazimika kusikiliza. Mama Nsimire aje aseme.

Utauliza kwa nini wasiende wale wengine wote wa kwenye foleni. Wengine walikuwa wamepiga makofi. Kukana makofi ya Chama ni kujitafutia makubwa, na mkuu wa mtaa alikuwa amekwisha kupita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha hilo kwa tabasamu. Jibu lililoandikwa kwa jina la mtu lilikuwa moja tu.

Nilimpandia mama tena. Nilimweleza yote, pole pole kama ninavyowaeleza wanaorudia darasa. Safari hii kutakuwa na meza, nilimwambia. Kutakuwa na kamati. Firmin atakuwa pale kama mtu wa ofisi. Mjukuu wako yuko kwenye serumu, na watoto wa majirani wako vitanda vya pembeni. Mficha uchi hazai, mama.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Nimesikia," akasema.

Kwa mama yangu, nimesikia si ndiyo wala hapana. Ni kwamba masikio yake yanafanya kazi. Lakini nilitaka iwe ndiyo, na anayetaka sana husikia anachotaka.

Kamati ilikaa ofisi ya zoni ya Kadutu, yenye Cimpunda ndani yake, mwishoni mwa mwezi. Kamishna wa zoni alikaa katikati, mkurugenzi kulia kwake, mkuu wa mtaa kushoto, wote ndani ya abacost, suti za serikali zisizo na tai, zilizopigwa pasi. Firmin alikaa pembeni na makaratasi yake. Watu wa Cimpunda walijaa nyuma hadi madirishani. Mama alikuja na kitenge cha Pasaka. Nilipokiona tu, nilijua amekuja kama mama mkwe.

Mkurugenzi ndiye aliyeuliza, na aliuliza kwa namna yake. "Mama, huyu citoyen mhandisi ni mkwe wako?"

"Ndiyo."

"Aliandika kwamba ulimwambia maji ya kisima yanatosha. Sasa tunasikia hayatoshi. Kwa hiyo mkwe wako aliandika uongo?"

Nilitazama mkurugenzi, nikaona kwamba alijua. Huyu naye ana mama mkwe mahali fulani. Alilijenga swali lile kama mtu anavyojenga ukuta, bila mlango. Mama akisema maji hayatoshi, amemwita mkwe wake mwongo mbele ya serikali, na serikali tayari imelitaja neno hujuma. Akisema yanatosha, mambo yanabaki yalivyo.

Mama alitazama viatu vya Firmin.

"Mukwe wangu hasemi uongo," akasema. "Maji iko inatosha."

Nyuma yangu watu walishusha pumzi wote pamoja. Firmin alisimama. Nikasema moyoni, sasa, sema, baba wa watoto wangu, sema. Alifungua kinywa, akamtazama mama mkwe wake aliyeinamisha kichwa, akakifunga. Mkwe hamkanushi mama mkwe mbele ya watu, hilo nalielewa. Tena mkwe anayekanusha siku ile anaweza kulala gerezani. Na hilo nalielewa. Ni lipi kati ya hayo lililomketisha, sijamuuliza hadi leo, kwa sababu naogopa atanieleza.

Kamishna alikuwa amekwisha kunyanyua kalamu. Nikajikuta nimesimama.

"Mama yangu anasema uongo," nilisema.

Sauti yangu ilitoka ya darasani, yenyewe. "Anasema uongo juu ya kumuheshimu mukwe wake. Na bwana yangu anajua iko uongo, alienda mwenyewe kupima, ananyamaza juu ya kumuheshimu mama. Banaheshimiana, batoto bananyamaza kabisa. Mutoto ya dada yangu iko hospitali na serumu ku kichwa. Wengine ya mutaa biko kitanda moja batatu batatu. Mukurugenzi, weye unakunywaka robine ya Muhumba, miye pia. Tushuke sasa hivi wote ku kisima, na glasi. Kila mutu anywe moja. Kisha muandike inatosha."

Kisha mwanamke mmoja nyuma, simjui hadi leo, akasema kwa sauti ya kawaida, "Maji ni matope." Mwingine akasema wa kwake amekufa Jumanne. Wakaanza kusema mmoja baada ya mwingine, bila kelele, na mkuu wa mtaa akageuza kichwa huku na huku akitafuta nani wa kumkariri sura, lakini walikuwa wengi mno.

Kamishna wa zoni hakuwa mtu mwema zaidi ya wengine. Alikuwa mtu anayehesabu madirisha. Aliwatazama wale waliojaa mle, akamgeukia Firmin. "Ulihakikisha kisima kabla ya kuandika?"

"Hapana, Citoyen Commissaire," Firmin akasema. "Niliuliza tu."

"Basi kosa ni lako."

"Ndiyo."

Ikawa imekwisha. Mpango utabadilishwa, robine za Cimpunda zitafunguliwa, na citoyen mhandisi ataondolewa Bukavu. Hawakumfunga. Walimpa kituo kidogo upande wa Kalehe, mahali penye bomba moja na mbuzi wengi. Kwanza aukamilishe mpango mpya, kisha aende.

Mama alitoka bila kunitazama. Nilimfuata hadi barabarani, nikamshika mkono, akautoa taratibu, kama anavyotoa mkono wa mlevi.

"Umenivulisha nguo mbele ya mukwe wangu," alisema. "Na yeye umemuvulisha mbele ya watu. Sasa nikikufa, atakuya kunizika na uso gani?"

"Mama, mutoto atapona."

"Ndiyo, atapona," akasema. "Na miye ntamuchunga. Lakini weye usipande kwangu kwanza."

Maji yalirudi Cimpunda siku chache baadaye. Noëlla aliniambia watu walikaa karibu na robine wakiisikiliza ikikohoa hewa kabla ya kutoa tone. Cyprien alitolewa hospitali, akaanza kunyonya kwa hasira, na mashavu yakarudi kidogo kidogo. Firmin alikwenda kumuaga mama kabla ya safari yake. Mama alimwekea chakula mezani, kimefunikwa vizuri, akajifungia chumbani mpaka mkwe alipoondoka. Firmin alikula peke yake, akasema asante mbele ya mlango uliofungwa, akarudi nyumbani.

Hakunilaumu, na hilo lilikuwa zito kuliko kulaumiwa. Alikuwa akipanga nguo ndani ya sanduku, mimi nikimkunjia mashati, aliponiambia, bila kuinua macho:

"Mto haikuongezeka, Agathe."

"Mto gani?"

"Murhundu. Maji iko ileile. Kama Cimpunda inakunywa, mutu mwingine hakunywi. Walisema Muhumba isiguswe."

Nilishika shati mkononi. "Sasa nani?"

"Bagira. Waliandika iko na kisima."

"Mulimuuliza nani kule?"

"Hakukuwa na wakati," akasema mume wangu, aliyesifiwa na Kinshasa kwa kuuliza watu. Akafunga sanduku, kesho yake akapanda lori la Kalehe.

Shule ilifunguliwa wiki iliyofuata na mvua bado. Vumbi lilikuwa lilelile, mbingu zilezile nyeupe. Jumatatu asubuhi mkuu wa shule yetu, sista, aliingia darasani kwangu akiwa na watoto wa darasa la pili nyuma yake. Mwalimu wao Jeanine hakufika. Anakaa Bagira. Binti yake mdogo amelazwa tangu Jumamosi, anaharisha.

"Robine za kwao zimefungwa," sista alisema. "Hata sijui kwa nini wamefungiwa wao."

Mimi nilijua. Na nitalisema wazi, maana sina mwingine wa kumwambia: ningerudishwa pale zoni, mbele ya kamati, na Bagira yote ikiwa imepangwa mbele yangu, bado ningesimama, bado ningesema yaleyale, kwa sababu Cyprien ananyonya na nilimwona kwa macho yangu. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Sijuti, na najua binti wa Jeanine ana mashavu yake pia.

Nilimwambia sista awaache watoto. Wakabanana kwenye madawati, wanne wanne, wengine sakafuni, wakanitazama wakingoja nifungue kitabu. Nikawafundisha wote pamoja mpaka kengele ilipolia.